Mgeni Akifika Ufuoni, Faida ni ya Nani na Hasara ni ya Nani?

Somo kwa vikundi vya kujisaidia vya Karagita na kandokando ya Ziwa Naivasha



Somo hili ni la kusomwa mkutanoni. Lisisomwe na katibu peke yake nyumbani kisha akaja kuwaeleza wengine kwa kifupi. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize, na mkifika kwenye maswali msimame mjadili. Mkiona ni refu, ligaweni mara mbili. Wasiojua kusoma wasiachwe nyuma, kwa maana mara nyingi ndio wanaozijua hesabu za ufuoni kuliko sisi wenye vyeti.

LENGO LA SOMO: Kusaidia kikundi kuamua mambo mawili kabla ya kuingia katika biashara ya wageni. La kwanza, tutafuata adabu gani? La pili, hasara ikija, itabebwa na nani?

1. TUANGALIE HALI YETU

Karagita ni mtaa wa watu waliokuja kutafuta kazi. Wengi wetu tulivutwa na mashamba ya maua, tukatoka Nyanza, Magharibi, Ukambani, Kisii na Kati. Lakini mshahara wa maua haujawahi kutosha nyumba yenye watoto wanne. Ndiyo sababu ufuo wetu wa umma umekuwa shamba la pili. Kuna wenye boti za kutembeza wageni, kuna kina mama wa kukaanga samaki, kuna wapiga picha, kuna vijana wa kuongoza wageni hadi Hell's Gate kwa baiskeli. Siku ya Jumapili au sikukuu, magari ya Nairobi yakijaa, kila mtu anapata chochote.

Lakini jameni, tukumbuke pia siku nyingine. Mwaka 2001 uvuvi ulifungwa ili samaki wapumzike. Januari 2008 ghasia za baada ya uchaguzi zilifika Naivasha na wageni wakatoweka. Mwaka 2010 samaki wengi walikufa ziwani baada ya kiangazi kirefu kulishusha ziwa. Machi 2020 korona ikaingia nchini, na ufuo ukawa kimya. Mwaka huohuo maji yalipanda yakameza vibanda na vyoo vya kando. Mwaka 2025 ziwa likafurika tena, na familia nyingi za Kihoto zikahama nyumba zao. Wamaasai walioliita ziwa hili Nai'posha, maana yake maji yasiyotulia, hawakukosea.

Basi biashara ya wageni ina msimu wa neema na msimu wa njaa, na msimu wa njaa haupigi hodi. Kikundi kikikopa fedha za kununua boti, je, deni nalo linajua kwamba ziwa limefurika? Halijui. Tarehe ikifika, linadai. Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga.

2. KWA NINI TUWATAZAME WATU WA PWANI?

Watu wa Mombasa, Lamu, Unguja na Pemba wamepokea wageni kwa karne nyingi. Walipokea majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi kabla reli haijafika Naivasha. Wanayo mila ya kumpokea mgeni, na wanayo sheria ya biashara waliyoipata katika dini ya Kiislamu. Mila na sheria hiyo zimewasaidia mahali pengi, ingawa si kila mahali, kama tutakavyoona mbele.

Wengine watauliza: mbona gazeti la kanisa linatufundisha mambo ya Waislamu? Tujibu wazi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la mwaka 1965 liitwalo Nostra Aetate, ulisema Kanisa linawatazama Waislamu kwa heshima, ukawataka Wakristo na Waislamu washirikiane kwa ajili ya haki na amani. Tena Ibrahimu aliyewakaribisha wageni watatu chini ya mti (Mwanzo 18) ni baba wa imani kwetu na kwao. Kisa cha wageni wake kimo pia katika Kurani. Na katika vikundi vyetu wamo Waislamu. Ni vizuri tuwasikilize wakitueleza, badala ya kuwakumbuka wakati wa Idi tu kwa sababu ya pilau.

Nia yetu hapa si kubadilisha dini ya mtu. Tunatafuta njia ya kufanya kazi bila kunyonyana.

3. ADABU: HESHIMA YA MGENI NA HESHIMA YA MWENYEJI

Pwani husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tuangalie vizuri methali hii. Haisemi mgeni afurahi peke yake. Mwenyeji naye apone, maana yake apate nafuu. Mgeni akiondoka ameacha mtaa na ulevi, takataka na wasichana walioharibiwa, mwenyeji hakupona.

Mji wa kale wa Lamu uliwekwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Mgeni huenda Lamu kuona vichochoro, punda, milango ya kuchonga, misikiti na Maulidi. Kwa maneno mengine, anafuata maisha ya watu wenyewe. Maisha hayo yakiharibika, hana la kufuata. Vivyo hivyo Zanzibar, wageni huombwa wavae nguo za kusitiri wanapotoka ufuoni kuingia mitaani, na wasimpige mtu picha bila ruhusa. Mgeni wa heshima hachukii. Hufurahi kujua la kufanya.

Katika kisiwa cha Wasini, kusini mwa Mombasa, kina mama walijenga njia ya mbao juu ya mikoko na matumbawe ya kale. Mgeni hulipa kiingilio, na fedha hurudi kwa kikundi, ikasaidia karo na mahitaji mengine ya kijiji. Kule Gazi pia kina mama wana njia ya mbao ndani ya mikoko, na huwapikia wageni chakula cha Kiswahili. Hawakujifanya Wazungu. Waliuza walichonacho, kwa masharti yao.

Sasa turudi Karagita. Hapa kuna ugumu ambao Lamu hauko. Pwani, mila inajulikana. Hata mtoto anajua lipi ni aibu. Sisi tumetoka kila kona ya Kenya. Tukisema tufuate mila, ni mila ya nani? Mluo, Mkikuyu, Mkisii au Mturkana?

Jibu letu ni hili: tukubaliane. Kila kabila letu lina neno la kufanya kazi pamoja. Wakikuyu wana ngwatio, Wakamba wana mwethya. Kila kabila letu linamheshimu mgeni, na hakuna kabila linalofurahia mtoto akiombaomba pesa kwa magari. Tukiyaweka haya mezani, tutaona tuna mila ya pamoja, ila hatujaiandika. Mfano wa mambo ya kukubaliana:

(a) Bei ya boti iandikwe ubaoni, iwe moja kwa Mkenya anayekuja na familia yake kama ilivyoandikwa. Siku za mashindano ya magari ya Safari Rally, yaliyorudi katika ratiba ya dunia hapa Naivasha mwaka 2021, tusipandishe bei mara tatu. Mgeni aliyeporwa mara moja harudi.

(b) Vijana wasimvute mgeni mkono wala kumgombania getini. Zamu iwe kwenye daftari.

(c) Nahodha asinywe pombe kabla ya kazi wala wakati wa kazi.

(d) Boti isiwasogelee viboko ili mgeni apate picha nzuri. Kiboko hajui biashara.

(e) Watoto wa shule wasionekane ufuoni siku za masomo, wala msichana asitumwe kuuza karanga kwenye magari yaliyoegeshwa usiku.

Na kuna wageni ambao mara nyingi tunawasahau. Familia za Kiislamu kutoka Eastleigh, Nakuru na hata Mombasa huja kuona ziwa. Samaki kwao ni halali bila shaka, lakini huuliza: mafuta haya yamekaanga nini kingine? Kina mama wakitenga karai la samaki peke yake, wakaweka mtungi wa maji safi ya kutawadhia na mkeka mahali pa kivuli, wakajua kwamba kibla kutoka hapa ni upande wa kaskazini, basi wamempokea mgeni kweli. Gharama yake ni ndogo sana, na habari zake zitafika mbali.

4. MTAJI: RIBA AU USHIRIKA?

Uislamu unaruhusu biashara na unakataza riba, yaani ziada iliyopangwa juu ya mkopo hata kama aliyekopa amepata hasara. Sisi Wakristo tusishangae. Kutoka 22:25 na Walawi 25:35-37 zinakataza kumtoza riba ndugu aliye maskini. Papa Benedikto wa Kumi na Nne aliandika barua juu ya dhambi ya riba mwaka 1745. Sisi tumezoea tu, hadi tunaona shailoki wa mtaani ni kitu cha kawaida.

Badala ya riba, sheria ya Kiislamu inafundisha ushirika. Tutaje njia mbili.

Mudharaba: mmoja anatoa mtaji, mwingine anatoa kazi na ujuzi. Wanakubaliana mapema faida itagawanywa kwa mafungu gani, kwa mfano 40 kwa mia na 60 kwa mia. Hawakubaliani kiasi maalum cha shilingi, kwa sababu faida bado haijulikani. Hasara ikija bila uzembe, mwenye mtaji hupoteza mtaji, na mfanyakazi hupoteza jasho lake. Kila mmoja ameumia.

Musharaka: wote wanatoa mtaji. Faida hugawanywa walivyokubaliana, lakini hasara hubebwa kwa kadiri ya mtaji wa kila mmoja.

Wavuvi wa pwani wanaijua roho ya jambo hili hata bila kutaja majina ya Kiarabu. Wakirudi baharini, samaki hugawanywa: fungu la chombo, fungu la nyavu, fungu la mabaharia. Bahari ikinyima, inawanyima wote.

Hebu tufanye hesabu. Nambari hizi ni za mfano tu, wekeni zenu. Kikundi kinataka boti na injini ya shilingi 360,000. Tuseme mwezi mzuri, ukishatoa mafuta, matengenezo na posho ya nahodha, hubaki 45,000. Mwezi mbaya hubaki 8,000.

Njia ya kwanza, mkopo. Riba ni 20 kwa mia kwa mwaka, ikihesabiwa juu ya mkopo wote, kwa miaka miwili. Riba ni 144,000. Jumla ya kulipa ni 504,000, yaani 21,000 kila mwezi.
Mwezi mzuri: 45,000 toa 21,000, kikundi kinabaki na 24,000.
Mwezi mbaya: 8,000 toa 21,000, kikundi kinapungukiwa na 13,000.
Miezi mitatu mibaya mfululizo: 39,000 zitoke mifukoni mwa wanachama. Na kukifungwa kabisa kama 2020, ni 21,000 kila mwezi bila hata shilingi moja kuingia.

Njia ya pili, ushirika. Mwenye mtaji anatoa 360,000 na kupata 40 kwa mia ya faida. Kikundi 60 kwa mia.
Mwezi mzuri: mwenye mtaji 18,000, kikundi 27,000.
Mwezi mbaya: mwenye mtaji 3,200, kikundi 4,800.
Mwezi wa kufungwa: hakuna anayepata, hakuna anayedaiwa. Mwisho wa mkataba hesabu kamili hufanywa, na mtaji hurudishwa kwanza kabla ya kusema faida halisi ilikuwa ngapi.

Lakini tusidanganyane kwamba ushirika ni pesa ya bure. Miezi yote 24 ikiwa mizuri, kikundi chenye mkopo kitabaki na 576,000 na boti ni yake. Kikundi cha ushirika kitakuwa na 648,000, lakini boti bado si yake. Wakati wa neema, mkopo unaweza kukupa zaidi. Faida ya ushirika huonekana wakati wa dhiki: hakuna anayekuja kubeba godoro na televisheni ya mwanachama kwa sababu ziwa limefurika. Sisi tunaoishi kando ya maji yasiyotulia tujiulize, kipi kina thamani zaidi kwetu?

Tena kikundi kinaweza kununua fungu la mwenye mtaji polepole. Kikitenga 10,000 kila mwezi mzuri, katika miezi 36 mizuri boti itakuwa yake yote. Kila hisa inaponunuliwa, fungu la mwenye mtaji linapungua. Huo ni ushirika unaopungua, na mabenki yanayofuata sheria ya Kiislamu, ambayo yalianza kufanya kazi Kenya mwaka 2008, huutumia katika kununua nyumba na mitambo.

Mtaji utatoka wapi? Anzieni nyumbani. Wanachama 20 wakitoa 500 kila mwezi ni 10,000. Kwa miaka mitatu ni 360,000 kamili, na hakuna wa nje wa kumgawia. Wasioweza kungoja watafute mfanyabiashara wa mtaa anayewaamini, au wakubaliane na boti moja kuukuu kwanza. Haba na haba.

Jambo moja la muhimu sana: uzembe. Katika mudharaba, mfanyakazi aliyezembea hulipa. Nahodha akijaza watu kumi na wawili katika boti ya wanane, au akatoka upepo wa alasiri ukivuma huku amelewa, boti ikazama, hasara hiyo ni yake na ya kikundi, siyo ya mwenye mtaji. Na roho za watu hazilipiki. Kwa hiyo jaketi za kuokoa maisha ziandikwe ndani ya mkataba wenyewe, moja kwa kila abiria, na zihesabiwe kila asubuhi.

5. DAFTARI NA USHAHIDI

Ushirika bila daftari ni ugomvi uliochelewa. Kurani, katika sura ya pili, inaagiza deni liandikwe na liwe na mashahidi. Wahenga wetu nao walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Katika mkopo wa riba, mkopeshaji hajali umeuza nini. Katika ushirika anajali sana, kwa sababu fungu lake linatoka humo. Basi kila safari iandikwe: tarehe, idadi ya abiria, pesa iliyoingia, mafuta yaliyonunuliwa. Pesa ikipitia simu, namba ya kupokea iwe ya kikundi, si ya mwenyekiti.

Sheria ya Kiislamu inakataza pia biashara ya kiza, ambayo mnunuzi hajui ananunua nini. Mgeni akiahidiwa saa nzima akazungushwa dakika ishirini, hiyo ni biashara ya kiza. Mwanachama asiyejua kikundi kina shilingi ngapi, naye yuko kizani.

6. ZIWA NI AMANA

Magharibi mwa Pemba kuna kisiwa kidogo kiitwacho Misali. Hakina kijiji, lakini wavuvi wengi hutegemea maji yake na hupiga kambi humo. Wazee husimulia kwamba Nabii Hidhri alifika akaomba msala wa kusalia. Haukupatikana, naye akasema kisiwa chenyewe ndicho msala, kwa jinsi kilivyoelekea Maka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa na mpango wa kukikodisha kisiwa hicho kwa mwekezaji wa hoteli ya kitalii. Wavuvi na watetezi wa mazingira walipinga. Mwaka 1998 Serikali ya Zanzibar ikakitangaza kuwa eneo la hifadhi ambalo wavuvi wenyewe wana sauti ndani yake. Sehemu ya bahari ilifungwa isivuliwe kabisa, kwingine wakaendelea kuvua, na wageni wakaja kuogelea na kutazama matumbawe kwa kulipa kiingilio.

Lakini tangazo la serikali peke yake halimzuii mtu mwenye njaa kutega nyavu za macho madogo au kuvua kwa baruti. Mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika la CARE, pamoja na wanazuoni wa Kiislamu kutoka Uingereza, walianza kufundisha uhifadhi kwa mafunzo ya Kurani, wakipitia viongozi wa dini, misikiti na madrasa. Miongoni mwa mafunzo yalikuwa haya: binadamu ni msimamizi wa dunia wala si mwenyewe, alichopewa ni amana, na Mungu ameumba kila kitu kwa mizani. Mvuvi aliyekuwa anamkwepa askari akaambiwa hawezi kumkwepa Mungu. Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alitufundisha jambo hilohilo alipoiita dunia nyumba yetu ya pamoja.

Sheria ya Kiislamu ina neno jingine zuri, harimu. Kila kisima, chemchemi na mto una ukanda wake wa pembeni usioruhusiwa kuchafuliwa wala kuzibwa, ili watu na mifugo wafike majini. Tena kuna mafundisho ya Mtume kwamba watu wana haki ya pamoja katika maji, malisho na moto.

Tulitazame ziwa letu kwa macho hayo. Ziwa Naivasha ni la maji baridi, na mwaka 1995 liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu muhimu duniani. Lakini sehemu kubwa ya kingo zake imezungushwa ua wa mashamba, hoteli na nyumba za matajiri. Njia za umma za kufika majini ni chache, na Karagita ni moja kati ya hizo. Kwa hiyo ufuo wetu si mahali pa kuegesha boti tu. Ni mlango wa maskini wa kufikia maji. Mlango huo ukichafuka kwa mifuko ya plastiki na vyoo vinavyofurika, au ukimezwa na vibanda vya wajanja wachache, atakayekuja kuufunga atapata kisingizio. Mafunjo ya kando tusiyakate yote ili boti zipate nafasi. Ndiyo mazalio ya samaki na kichujio cha maji.

7. FUNGU LA WASIO NA BOTI

Mwislamu mwenye akiba iliyofika kiwango na kukaa mwaka mzima hutoa zaka, shilingi 25 kwa kila 1,000. Zaka ina wanaostahili waliotajwa, wakiwemo maskini na wenye madeni, na haitumiwi ovyo. Mbali na zaka kuna sadaka, na kuna wakfu. Wakfu ni mali iliyotengwa isiuzwe wala kurithiwa; matunda yake tu ndiyo hutolewa. Pwani kuna maduka na mashamba ya minazi ambayo kwa vizazi vingi yametunza misikiti na maskini kwa njia hiyo.

Gazi na Makongeni, katika kaunti ya Kwale, wana mradi wa Mikoko Pamoja tangu mwaka 2013. Wanahifadhi hekta 117 za mikoko na kupata fedha kutokana na hewa ya ukaa inayohifadhiwa. Fedha hizo huenda kwa mambo ya wote, kama maji na shule, baada ya wanakijiji kushauriana. Hata asiye na mtumbwi anakunywa maji ya mradi.

Hapa kwetu, asiye na boti wala karai la samaki ananufaika na nini? Kama hanufaiki, kwa nini asitupe taka ufuoni? Tunapendekeza kila kikundi kitenge fungu kutoka katika kila safari, hata shilingi 20, liwe la choo cha ufuo, jaketi na dharura. Likikua, linunue kitu kimoja kisichouzwa, mfano tangi la maji, na mapato yake yawe ya mayatima na wazee wa mtaa.

8. TUSIIPAMBE PWANI KUPITA KIASI

Pwani haikupona kwa kila jambo. Pale Zanzibar na Diani, fukwe nyingi zilichukuliwa na hoteli kubwa, na kijana wa kijiji akabaki kuuza vinyago nje ya ua. Lamu, baada ya utekaji wa wageni mwaka 2011 na mashambulizi ya Mpeketoni mwaka 2014, biashara ilianguka vibaya pamoja na mila zake zote nzuri. Adabu na ushirika haviwezi kuzuia mafuriko wala risasi. Vinaweza tu kuzuia mmoja wetu asizame peke yake wakati wengine wanaogelea.

Tena wapo watu wanaobadilisha jina la riba na kuita faida, mambo yakabaki yaleyale. Kabla ya kutia sahihi, ulizeni swali moja tu: wageni wasipokuja miezi mitatu, mkataba huu unasema nini? Kama jibu ni kwamba nyinyi mnalipa na mwenzenu hapotezi kitu, hiyo ni riba hata ikivaa kanzu.

9. TUTENDE

Katika mwezi mmoja ujao, kikundi kifanye haya:

(1) Kuandika kanuni tano za adabu ya ufuo na kuzipeleka kwa kamati ya ufuo zizungumzwe na vikundi vyote.
(2) Kuandika mapato na matumizi ya kila safari kwa majuma manne bila kuficha.
(3) Kufanya hesabu ya njia mbili tulizoonyesha, kwa nambari zenu za kweli za mwezi mzuri na mwezi mbaya.
(4) Kumwalika mwalimu wa msikiti, pamoja na katekista au mchungaji, waeleze mbele ya kikundi dini zao zinasema nini juu ya mkopo na mgeni.
(5) Kuhesabu jaketi. Zikipungua hata moja, boti isitoke.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mwaka 2020 wageni walipokosekana, nani katika kikundi chetu aliumia zaidi, na nani hakuguswa? Kwa nini?
2. Ni jambo gani ufuoni ambalo sote tunaona ni aibu, lakini hakuna anayelikemea?
3. Kina mama wa kukaanga samaki wana sauti gani katika mipango ya ufuo? Wana fungu gani?
4. Kama tungepata shilingi 360,000 kesho, tungechagua mkopo, ushirika au kungoja akiba yetu? Kila mmoja aseme sababu yake.
5. Watoto wetu wakiwa watu wazima, watakuwa bado na njia ya kufika ziwani?

Majibu ya swali la nne yaandikwe kwenye daftari la kikundi na kutiwa sahihi na wote waliohudhuria, kabla mtu yeyote hajatumwa mjini kuulizia bei ya injini.